Mwachie Mwenzako Kitu cha Kufanya: Kuongoza na Kucheza Dungeons & Dragons kwa Kiswahili

Mtu akiniomba nimfundishe kuongoza Dungeons & Dragons, swali lake la kwanza huwa ni kuhusu sauti. Anataka kujua kama ni lazima aweze kuigiza sauti ya jitu, ya bibi kizee, ya sultani. Baada ya hapo anauliza vitabu vyote vile vya kanuni atavimaliza lini. Namjibu kwamba sauti ni pambo, na vitabu ni vya kurejea tu. Kinachoifanya meza iwe tamu ni kitu kimoja, na kinamhusu mwongozaji sawa na kinavyomhusu mchezaji: kila unapofungua mdomo, mwachie mwenzako kitu cha kufanya. Mwongozaji anayeeleza chumba dakika tano mfululizo huku hakuna aliyepata pa kushika, hata awe fundi wa maneno kiasi gani, anachosha. Na mchezaji anayesema "naingia, namuua, nachukua sanduku, natoka" amewafungia wenzake mlango.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, watu wanne au watano wanakaa pamoja. Mmoja ni mwongozaji, ndiye anayeeleza dunia ya hadithi na kuwasemea watu wote waliomo. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, dadu inarushwa. Hakuna mshindi. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa huko Marekani mwaka 1974, na toleo tunalocheza sisi lilianza mwaka 2014. Januari 2023 wenye mchezo waliweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa kuzichapa, kuzigawa na kuzitafsiri mradi utaje zilikotoka. Ruhusa hiyo ndiyo niliyoitumia kutengeneza karatasi ya mhusika ya Kiswahili, yenye sifa zake sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Dadu ya pande 20 si rahisi kuipata dukani. Programu ya simu inatosha. Simu ikiisha chaji, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, vitie kwenye bakuli, na kila anayechomoa akirudishe kabla mwingine hajaingiza mkono.

Chagua mahali wanapopajua

Sisi tunacheza barazani, Magomeni, Dar es Salaam, Jumamosi baada ya isha. Wapo nesi, fundi simu wa Kariakoo, mwalimu wa historia wa sekondari, mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne, na binamu yangu aliyeko Muscat ambaye anaingia kwa simu ya video. Kwake saa imetangulia moja, kwa hiyo hatuchelewi kuanza. Hadithi yetu iko Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka aliofika Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyesimulia safari zake. Majini na mazimwi tumeyaongeza wenyewe. Mji, pepo za bahari na biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ni vya kweli.

Sikuchagua Kilwa kwa ajili ya uzalendo. Nimeichagua kwa sababu mchezaji anayejua kilichomzunguka anaweza kukitumia bila kuniomba ruhusa. Nikiwaambia mko kwenye ngome ya Ulaya yenye mtaro wa maji na daraja la kunyanyuliwa, nusu ya meza inabaki kukisia, na anayekisia hukaa kimya. Nikisema nyumba ya mawe ya matumbawe, paa limeshikwa na boriti za mikoko, nje kuna mnazi umeegemea ukuta, fundi simu hata hanisubiri: "Naupanda mnazi, naingilia juu." Mnazi ule niliutaja kama sehemu ya mandhari, na yeye akaugeuza ngazi. Kama wachezaji wako ni watu wa Mwanza, waweke ziwani. Kama wote ni mashabiki wa hadithi za anga, waweke kwenye chombo cha anga. Kipimo ni hichohicho: wanaweza kukitaja kitu ambacho wewe hukukitaja, na kikawa na mantiki?

Eleza, uliza, nyamaza

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hivi ndivyo tulivyoanza kisa kimoja:

"Usiku, maji yamekupwa. Mtepe uliotoka Sofala umelala kwenye mchanga. Kamba za makumbi zilizoshona mbao zake zimekatwa upande mmoja, na mikato ni safi, ya kisu kikali. Ndani ya chombo kuna mtu anakohoa. Kutoka upande wa msikiti mnaona taa inakuja. Mnafanya nini?"

Hesabu vishikio. Kuna kitu cha kuchunguza, yaani kamba. Kuna mtu wa kusema naye, yaani anayekohoa. Na kuna jambo linalokaribia, ile taa, ambalo linawanyima nafasi ya kufanya yote kwa utaratibu. Vitatu vinatosha. Ukiweka kimoja, umewachagulia. Ukiweka saba, watasahau vinne na watakuuliza tena. Nasisitiza kile cha tatu, kwa sababu waongozaji wengi wapya hukisahau: wanaeleza mahali palipotulia tuli, halafu wanashangaa kwa nini wachezaji wanajadiliana nusu saa bila kuamua. Kitu kinachokaribia ndicho kinachowaamsha.

Ukishauliza "mnafanya nini?", nyamaza kabisa. Usiongeze mfano wala usipendekeze. Kimya cha sekunde kumi kinamtia mwongozaji mpya hofu, anakimbilia kukijaza, na akikijaza amewapokonya wachezaji zamu yao. Mtu anafikiri, mwache afikiri.

Kama kimya kinazidi, muulize mtu mmoja, na umuulize jambo ambalo mhusika wake ndiye anayelijua. Nesi wetu anacheza mganga. Nikamwambia, "Mganga, wewe ndiye uliye karibu zaidi na anayekohoa. Unakisikia kifua chake." Akauliza papo hapo, "Kikohozi kikavu au cha makohozi?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikajibu cha makohozi, kizito, cha siku nyingi. Akasema, "Basi huyo si mlinzi aliyejificha. Ni mgonjwa, wenzake wamemwacha. Naingia na maji." Kuanzia hapo baharia mgonjwa akawa shahidi mkuu wa kisa kizima, wakati kwenye karatasi yangu alikuwa neno moja tu, "mtu". Mchezaji akileta ujuzi wake wa kweli mezani, upokee na umlipe. Swali lake lilikuwa zuri kuliko maandalizi yangu, na jibu la haraka lililolifuata liligeuza hadithi.

Kuna jambo la kwetu ambalo mwongozo wa Kimarekani hautakuambia. Mdogo akikaa na kaka yake, au na mwalimu, atasubiri mkubwa aseme kwanza, na mkubwa akishasema, mdogo atakubaliana naye. Ni adabu, na nje ya mchezo sina tatizo nayo. Ndani ya mchezo inaua nusu ya mawazo. Kwa hiyo likitokea jambo la kuamua, naanza kumuuliza mdogo wangu, kwa jina la mhusika wake: "Nahodha, chombo ni chako, unasemaje?" Akiitwa nahodha anazungumza kinahodha, na mwalimu anamsikiliza mhusika, wala haoni kwamba amekatizwa na kijana. Kwenye mapigano kanuni zenyewe zinasaidia: kila mmoja anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha nyongeza ya Wepesi wake, ile namba ndogo iliyo kwenye karatasi ya mhusika, na mwenye jumla kubwa anatangulia. Dadu haiangalii umri.

Dadu irushwe lini

Mwongozaji mpya anaomba dadu kwa kila kitu: kufungua mlango, kukumbuka jina, kushuka ngazi. Kabla ya kuomba, jiulize mambo matatu. Inawezekana afaulu? Inawezekana akose? Akikosa, kuna jambo litatokea? Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna, atajaribu tena", usimrushishe. Mwambie amefaulu, mwendelee.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa uijue. Mwongozaji anaweka kiwango cha ugumu: 10 kwa jambo rahisi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Mchezaji anarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha nyongeza yake. Akifika kiwango au kukipita, amefaulu. Mwenye nyongeza ya 3 anayekabili ugumu wa 15 anahitaji dadu yake itoe 12 au zaidi. Namba za namna hiyo ni tisa kati ya 20, yaani asilimia 45. Ukimpa faida, akarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, anapanda hadi karibu asilimia 70. Ndiyo maana mchezaji anayebuni njia ya busara asipewe pongezi tu. Mpe dadu ya pili, aione hesabu ikimpendelea.

Sasa tazama kosa ambalo nimeliona kwenye meza nyingi. Mwizi ananyata kupita ua wa tajiri. Mwongozaji anamrushisha mlangoni, anamrushisha tena kisimani, anamrushisha tena chini ya dirisha. Kila mrusho una asilimia 45. Kufaulu miwili mfululizo ni asilimia 20, na mitatu ni asilimia 9. Mwongozaji anadhani anaongeza msisimko, kumbe ameshaamua kwamba mwizi atakamatwa, na mwizi hajui. Rusha mara moja, kwa safari nzima, na matokeo yasimame mpaka hali ibadilike.

Kabla dadu haijarushwa, taja mambo mawili kwa sauti: kiwango cha ugumu na kitakachotokea akikosa. "Ni 15. Ukikosa, mwenye taa atakusikia." Mchezaji akijua bei, anaweza kukubali, kughairi, au kutafuta njia ya kuipunguza, na hapo wenzake wanaingia: "Ngoja, mimi nitakohoa kwa nguvu zaidi ya mgonjwa." Dadu zangu nazirusha peupe, mbele ya wote. Wapo wanaozirushia nyuma ya kizuizi ili waweze kubadilisha matokeo kimyakimya, nami sikubaliani nao. Kama hutaki mhusika afe, usiweke kifo kwenye mizani. Ukikiweka, kiheshimu.

Na kukosa kusimaanishe "hakuna kilichotokea". Mwaka 2010 Vincent na Meguey Baker walitoa Apocalypse World, mchezo unaotumia dadu mbili za kawaida kama zile za ludo: jumla ya 10 na kuendelea unafaulu, 7 hadi 9 unafaulu lakini kwa gharama, 6 kushuka chini mambo yanageuka. Hiyo daraja ya katikati ni hazina. Mimi naiazima hata kwenye Dungeons & Dragons: mchezaji akikosa kwa pointi moja au mbili, namwekea biashara. "Unaweza kuufikia ukuta, ila upanga utakudondoka ndani ya ua. Unakubali?" Kukosa kwake kumegeuka kuwa uamuzi, na uamuzi ni wake.

Andaa watu wanaotaka kitu

Maandalizi yangu hayazidi ukurasa mmoja. Siandiki matukio, kwa sababu wachezaji hawatayafuata, na ukiyapenda mno utawasukuma kwa nguvu. Naandika watu watatu na kila mmoja anataka nini, mahali patatu, majina kumi ya akiba ya kuwapa watu nitakaowazua palepale, na mstari mmoja muhimu kuliko yote: nini kitatokea kama wachezaji hawatafanya lolote.

Kwa kisa cha mtepe, mstari ule ulikuwa huu. Mfanyabiashara wa Aden ndiye aliyenunua dhahabu iliyoibwa kwenye mtepe, na kusi likishika ataondoka nayo. Jahazi za Uarabuni zilikuja na kaskazi na zilirudi na kusi. Kila mtu pwani anaijua kalenda hiyo, sikuhitaji kumfafanulia mtu. Kila kikao nilianza kwa kueleza upepo ulivyo, sentensi moja tu, na wachezaji wakahesabu wenyewe muda uliobaki.

Kisa cha upelelezi kina mtego wake: ukiweka kidokezo kimoja nao wakakipita, hadithi imekwama. Justin Alexander, mwandishi wa michezo ya namna hii, aliandika kanuni ambayo naishika sana: kwa kila jambo unalotaka wachezaji waligundue, weka angalau vidokezo vitatu. Kimoja watakipita, cha pili watakielewa vibaya, cha tatu kitawafikisha. Jambo letu lilikuwa kwamba fundi aliyeushona mtepe ndiye aliyeukata. Kidokezo cha kwanza: mikato iko palepale ambapo mshono ukiachia mbao zote zinalegea, na anayepajua ni aliyeshona. Cha pili: mkewe sokoni amenunua kitambaa cha Gujarat, na amelipa kwa sarafu mpya za shaba za sultani, nyingi kuliko ujira wa mumewe. Cha tatu: yule mgonjwa alimsikia mkataji akihesabu mishono kwa mnong'ono, kama mtu afanyavyo kazini. Wachezaji walikipita cha kwanza kabisa. Cha pili kiliwafanya wamshuku mke. Cha tatu kikawapeleka kwa fundi, na kule wakakuta kwamba alikuwa na deni, na sababu ya deni lake ikawagawa wachezaji wenyewe: nesi alitaka aachiwe, mwalimu alitaka apelekwe kwa kadhi. Mimi nilinyamaza nikawaacha wabishane kwa sauti za wahusika wao mpaka walipofika uamuzi.

Mwalimu ndiye aliyenifurahisha zaidi mwishoni. Alijua kwamba Ibn Battuta ameandika juu ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake: fakiri wa Yemen alimkabili Ijumaa akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa, na sultani akampa. Basi mhusika wa mwalimu akasubiri Ijumaa, nje ya msikiti, mbele ya watu, akaomba fundi asamehewe. Sikumrushisha dadu. Sultani yule, mahali pale, siku ile, angekataa vipi? Mwalimu alikuwa amebadili msimamo wake mwenyewe kuhusu kadhi ili kumwachia nesi alichokitaka.

Kuhusu sauti za watu unaowaigiza, nitasema kwa ufupi. Mpe kila mmoja haja moja na tabia moja ya kuonekana: anajikuna sikio, hamtazami mtu usoni, anajibu swali kwa swali. Inatosha. Ramani nzuri ni raha, lakini mchoro wa kalamu nyuma ya bahasha unafanya kazi ileile.

Mapigano nayo yanahitaji kasi tu. Taja aliye zamu na anayefuata: "Mwizi, ni wewe, mganga, jiandae." Adui awe na haja yake, akizidiwa akimbie au ajisalimishe. Kupigana mpaka mtu wa mwisho ni jambo la nadra hata vitani.

Upande wa mchezaji

Watu wengi wanadhani mchezo ukidorora ni kosa la mwongozaji. Mchezaji ana mkono wake.

Tengeneza mhusika mwenye sababu ya kwenda. Yule mpweke anayekaa kwenye kona ya mkahawa, hamwamini mtu, hataki kazi, anapendeza kwenye karatasi tu. Mezani anawalazimisha wenzake wamshawishi kila kikao. Awe na siri, awe na machungu, lakini mlango ukigongwa atoke.

Sema nia yako pamoja na kitendo. "Namsemesha mlinzi" haimsaidii mwongozaji. "Nataka aondoke mlangoni, kwa hiyo namwambia mtepe unavuja na nahodha anamwita" inamsaidia sana. Anajua unachokitafuta, anaweza kukuambia kama kinawezekana, na wenzako wanaweza kukuongezea nguvu. Ugomvi mwingi wa mezani unatokana na mchezaji anayemficha mwongozaji mpango wake, akidhani atamzuia. Mwongozaji si adui yako. Adui zako anawasemea tu.

Wape wenzako nafasi kwa kuwauliza. Binamu wa Muscat ni hodari kwa hili kuliko sote, na nadhani ni kwa sababu yuko mbali, hawezi kutegemea ishara za mikono. Katikati ya hatari humgeukia mhusika mwingine: "Nahodha, wewe ulisafiri na baba yangu. Yeye angefanya nini hapa?" Swali moja, na mdogo wangu amepewa historia, amepewa uzito, na amepewa zamu, na sote tumejua kwamba baba wa mhusika yule alikuwa baharia. Kama na wewe una mchezaji wa kwenye simu, taja majina kila unaposema, na umwamini dadu anayoirusha kwake.

Ijue karatasi yako. Sikwambii ukariri kitabu; jua mambo manne ambayo mhusika wako anayafanya mara kwa mara na nyongeza zake. Zamu ikikaribia, amua. Zamu ya mwenzako sikiliza, maana kitu anachokiacha ndicho utakachokishika.

Na kuna kauli moja ambayo siikubali mezani kwangu: "Ndivyo mhusika wangu alivyo," ikitumika kama ngao ya kuwaibia wenzako, kuwasaliti au kuwaharibia mpango. Mhusika umemuumba wewe. Una uwezo wa kumtafutia sababu ya kufanya jingine, na sababu hiyo mara nyingi inamfanya awe mtu kamili zaidi.

Makubaliano kabla ya kuanza

Kikao cha kwanza kabisa hatukucheza. Tulizungumza. Pwani ya karne ya 14 ilikuwa na watumwa, na siwezi kujifanya haikuwa hivyo. Tulikubaliana kwamba utumwa upo katika dunia yetu, wahusika wetu hawafanyi biashara hiyo, na mateso hayaelezwi kwa undani. Mmoja wetu aliomba pasitajwe majini yanayomwingia mtu mwilini, kwa sababu za nyumbani kwao. Hatukumuuliza zaidi. Majini ya hadithi yetu yanakaa baharini na kwenye magofu, na hadithi haijapungua kitu.

Lakini mtu hawezi kujua mapema yote yatakayomgusa, na kwetu ni vigumu kumkatiza anayesimulia, hasa akiwa mkubwa wako. John Stavropoulos alibuni njia nyepesi: kadi yenye alama ya X inawekwa katikati, na yeyote akiigusa, lililokuwa likielezwa linaachwa na mchezo unasonga, bila maelezo. Tunayo. Mwongozaji aiguse yeye kwanza, mapema, kwa jambo dogo, ili wengine waone kwamba inagusika na mambo yanaendelea.

Ubishi wa kanuni upe dakika moja. Mwongozaji aamue, aandike pembeni, na mkimaliza mtazame kitabu. Isipokuwa uamuzi ule ndio utakaomuua mhusika. Hapo simameni mtafute jibu. Na mtu akikukera, mwite pembeni mzungumze kama watu wazima. Usimwadhibu kupitia mhusika wake, kwa sababu yeye ataona zimwi limemwandama bila sababu, wenzake wataona upendeleo, na tatizo lenyewe litabaki vilevile.

Dakika za mwisho

Funga kikao robo saa kabla ya muda, watu wakiwa bado wana hamu. Muulize kila mmoja maswali mawili. La kwanza: ni jambo gani alilolifanya mwenzako leo umelipenda? Mchezaji aliyesikia kwamba swali lake kuhusu kikohozi limekumbukwa atauliza tena wiki ijayo. La pili: kikao kijacho mnakwenda wapi? Liandike jibu, na uwabane walichague pamoja kabla hawajasimama, maana ndilo litakalokuokoa katikati ya wiki. Wakisema Husuni Kubwa, naandaa jumba lile juu ya jabali, birika lake la pande nane, msimamizi mmoja mwenye haja yake, na kitu kinachokaribia kutoka baharini. Sofala siigusi mpaka waitaje.